Tamthilia za 2024: zilizomaliza hadithi yao na zilizotuacha njiani

Mwaka 2024 haukuwa na uhaba wa tamthilia nzuri za runinga. Shōgun, Ripley, Baby Reindeer na The Penguin, yoyote kati yake ingeweza kushika nafasi ya kwanza katika mwaka wa kawaida. Kilichouharibu mwaka huo ni misimu iliyokatwa katikati ikauzwa kama misimu kamili. House of the Dragon, The Bear na Squid Game zilirudi na majina makubwa, waigizaji walewale hodari na fedha za kutosha, kisha zote tatu zikatupa nusu ya hadithi.

Kipimo kinachotumika hapa ni kimoja, na mtazamaji yeyote anaweza kukitumia nyumbani kwake. Sehemu ya kwanza inaweka swali gani mezani, na je, sehemu ya mwisho inalijibu? Si lazima kila uzi ufungwe. Ila lile swali kubwa lililomfanya mtu akae chini atazame lina haki ya kupata jibu. Kwa kuwa tunazungumzia miisho, miisho ya baadhi ya tamthilia inatajwa waziwazi. Asiyetaka kujua ya Shōgun na House of the Dragon aruke mpaka kwenye The Bear.

Shōgun ndiyo bora kuliko zote. Ni ya FX, ina sehemu 10, na ilitoka kati ya tarehe 27 Februari na 23 Aprili. Tuko Japani, mwaka 1600. Mtawala mkuu amefariki na mrithi wake bado ni mtoto, hivyo nchi inashikwa na baraza la mabwana watano kwa niaba yake. Wanne kati yao wanataka kichwa cha wa tano, Bwana Toranaga. Wakati huohuo meli ya Wadachi inafika pwani ikiwa hoi, na ndani yake yumo mwongoza meli Mwingereza, John Blackthorne. Swali linawekwa mapema: Toranaga, aliyezingirwa katika ngome ya Osaka, atatokaje kwenye mtego huo akiwa hai, na ni nini hasa anachokitaka?

Karibu asilimia 70 ya mazungumzo ni Kijapani, na kazi iliyofanywa kwenye lugha hiyo inastahili kuelezwa. Mswada uliandikwa kwa Kiingereza, ukapelekwa Tokyo kutafsiriwa, kisha mwandishi wa Kijapani wa tamthilia za jukwaani akayapitia mazungumzo yote ili yabebe Kijapani cha kale kinachofaa zama hizo. Baada ya hapo manukuu ya Kiingereza yakatengenezwa upya kutokana na Kijapani hicho. Ndiyo maana ukisoma manukuu unasikia watu wa heshima wakizungumza, wakati tamthilia nyingi hutupa muhtasari tu wa kilichosemwa. Hiroyuki Sanada, anayeigiza Toranaga, alikuwa pia mmoja wa watayarishaji, akaleta mafundi wa Kijapani wa nywele, mavazi, panga na hata mwendo. Angalia namna wahusika wanavyokaa na kuinuka mbele ya mkubwa wao. Hakuna anayefanya haraka, na hakuna anayeonekana kukariri.

Ndani ya lugha hiyo kuna Mariko, mkalimani wa Blackthorne, anayeigizwa na Anna Sawai. Blackthorne ni mkali wa maneno na hajui mipaka ya baraza alimoingia. Kila anaporopoka, Mariko hunyamaza kidogo kabla ya kutafsiri. Katika unyamavu huo unamwona akipima lipi alifikishe lilivyo, lipi alilainishe, na lipi alimeze kabisa. Sawai anaigiza muda ule mfupi kati ya kusikia na kusema, na hapo ndipo tamthilia nzima inapoishi. Rudia mazungumzo yoyote ya watu watatu katika sehemu za mwanzo na macho yako yabaki kwa Mariko peke yake. Utaiona hadithi nyingine kabisa.

Sehemu ya tisa ndiyo kilele. Mariko anafika Osaka kwa amri ya bwana wake, anatangaza kwamba kesho yake ataondoka na wake wa Toranaga, na kwa kusema hivyo tu anamfunga Ishido, adui yao. Ishido akimzuia, atakuwa amekiri mbele ya wote kwamba familia za mabwana zilizomo ngomeni ni mateka. Akimruhusu, mateka wote wataanza kuondoka. Mariko anatembea mpaka langoni, walinzi wake wanaanguka mmoja baada ya mwingine, naye anashika silaha mwenyewe na kupigana mpaka nguvu zinamwishia. Hapiti. Ndipo anaposema kwamba ameshindwa kutii amri ya bwana wake, na jua likizama atajiua. Ishido analazimika kutoa vibali. Usiku wauaji wanaingia, na Mariko anasimama mbele ya mlango unaotegewa baruti.

Sehemu ya kumi haina vita. Toranaga anamsimulia Yabushige, bwana wa chini yake aliyemsaliti, juu ya jabali, jinsi vita vitakavyokwenda: majeshi yatakusanyika, bendera ya mrithi haitakuja, na Ishido atabaki peke yake. Tunaonyeshwa kidogo tu, na hadithi inaisha. Wapo waliolalamika kwamba wamenyimwa mapigano. Lakini jibu limetoka. Toranaga alijitoa kwenye mtego kwa kumtuma mtu mmoja akafanye ambalo jeshi lisingeweza, na mwisho tunajua alichokitaka tangu siku ya kwanza. Vita vilishapiganwa langoni pa Osaka, na aliyevishinda ni Mariko.

Mwezi Septemba Shōgun ilichukua tuzo 18 za Emmy, idadi ambayo hakuna msimu mmoja wa tamthilia yoyote uliowahi kuifikia, na ikawa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda tuzo ya tamthilia bora. Mei ya mwaka huohuo FX walikuwa wametangaza kwamba misimu mingine inaandaliwa. Riwaya iliyozaa tamthilia hii imeishia pale ilipoishia sehemu ya kumi, kwa hiyo hofu ipo, na ni hofu ya haki.

Sasa weka kando yake msimu wa pili wa House of the Dragon, hadithi ya ukoo wa wapanda majoka ambamo Rhaenyra na ndugu yake wa baba Aegon wanagombea kiti cha enzi, uliotoka HBO kuanzia Juni 16 hadi Agosti 4. Nao unaishia usiku wa kuamkia vita. Kwa nini basi mmoja unaridhisha na mwingine unaudhi?

Sababu ya kwanza ni umbo. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 10, wa pili ukawa na 8, na mapigano makubwa ya baharini ambayo kila kitu kilikuwa kikielekea huko yakasukumwa msimu wa tatu. Sehemu ya nane inafunga kwa mfuatano mrefu wa picha za meli zikitweka matanga, majeshi yakitembea na majoka yakiruka. Hicho ni kionjo cha msimu ujao kilichowekwa mahali pa mwisho wa huu.

Sababu ya pili ni Daemon, mume wa Rhaenyra na mpiganaji wake mkuu. Tangu sehemu ya tatu mpaka ya nane yuko Harrenhal, ngome inayovuja maji, akiota. Anamwota kaka yake, anamwota Rhaenyra akiwa binti, anamwota mama yake. Ndoto katika tamthilia ina kasoro moja ya kifundi: haina gharama. Mtu akiamka, hakuna aliyekufa, hakuna ngome iliyobadili mikono, na mwandishi amejaza dakika zake. Ndoto moja inaweza kufungua moyo wa mhusika. Zikifululiza kiasi hicho zinakuwa njia ya kumchelewesha mtu ambaye, akifika vitani mapema, ataimaliza hadithi kabla ya wakati uliopangwa.

Sababu ya tatu inasemwa na wachache, nayo ndiyo inayoumiza zaidi. Rhaenyra anaingia mji mkuu wa adui kwa kujificha ili azungumze na Alicent, mama yake Aegon, na baadaye Alicent anakwenda mpaka Dragonstone, ngome ya Rhaenyra, kuzungumza naye. Waigizaji wawili hawa, Emma D'Arcy na Olivia Cooke, ni wazuri mno, na unaelewa kwa nini waandishi walitaka wakutane. Lakini vita ambamo malkia wawili wanavuka mipaka ya adui na kurudi salama havimtishi tena mtazamaji. Hatari ikishatoka, hata joka linakuwa pambo.

Uwezo haukukosekana. Sehemu ya nne, mapigano ya Rook's Rest, ni miongoni mwa saa bora za mwaka. Majoka matatu yako angani, na kila mpandaji ana jambo lake. Aegon amekuja amelewa na hakualikwa. Aemond, mdogo wake, amejificha msituni na joka lake Vhagar, na moto anaouamuru unamuunguza hata ndugu yake. Rhaenys, wa upande wa Rhaenyra, ana nafasi ya kuondoka, anageuza joka lake na kurudi. Sura ya Eve Best katika uamuzi ule haihitaji neno. Mapigano yanamgusa mtazamaji pale anapojua kila mmoja anapoteza nini, na sehemu hii inajua.

Mwezi Septemba mwandishi wa kitabu, George R. R. Martin, aliandika hadharani akilalamikia kuondolewa kwa Maelor, mtoto mdogo wa Aegon na mkewe Helaena, kisha andiko hilo likaondolewa. Hoja yake ilikuwa ya fundi: ukimtoa mtoto mmoja mwanzoni, matukio yanayomtegemea huko mbele nayo yanapoteza miguu. Athari yake inaonekana mapema, katika mauaji ya sehemu ya kwanza. Kitabuni Helaena analazimishwa kuchagua kati ya wanawe wawili. Kwenye runinga anaonyesha tu yupi ni mvulana kati ya pacha wake, na kidonda alichopaswa kutembea nacho msimu mzima kinakuwa chepesi.

Kwa anayetaka kuitazama, jambo la vifaa: picha nyingi ni za giza. Toa runinga kwenye hali ya Vivid, weka Movie, Cinema au Filmmaker, na zima hali ya kuokoa umeme, maana hiyo hupunguza mwanga bila kukuuliza. Zima pia ulainishaji wa mwendo, ambao LG huuita TruMotion na Sony huuita Motionflow. Ukiachwa, filamu ya gharama kubwa inaonekana kama taarifa ya habari.

The Bear msimu wa tatu ulitoka wote kwa mara moja mwezi Juni, sehemu 10. Misimu miwili ya mwanzo ilikuwa na swali lililomshika kila mtu: duka la mikate ya nyama la Chicago litageuka mkahawa wa hadhi kabla fedha hazijaisha? Msimu wa tatu ulipaswa kuuliza: je, mkahawa huo utasimama? Badala yake unaweka mambo manne mezani na hautoi hata moja. Mkataba wa ubia wa Sydney, mpishi wa pili, unaanza bila sahihi na unaisha bila sahihi. Msamaha ambao Carmy, mpishi mkuu, anapaswa kumwomba Claire, mpenzi wake wa zamani, hauombwi. Hatima ya fedha za mjomba Jimmy, mfadhili wa mkahawa, haijulikani. Na ile tathmini ya gazeti la Chicago Tribune inayosubiriwa msimu mzima inafika kwenye simu ya Carmy katika sekunde za mwisho, maneno mazuri na mabaya yakipita kwa kasi tusiweze kujua hukumu, halafu skrini inaandika kwamba itaendelea.

Kinachouma ni kwamba mkono wa ufundi bado upo. Sehemu ya kwanza haina karibu mazungumzo yoyote, ni kumbukumbu na sahani za chakula tu, na inapendeza. Sehemu ya sita, iliyoongozwa na Ayo Edebiri, inamrudisha Tina, mmoja wa wapishi, kwenye siku alizopoteza kazi na kuzunguka mjini na karatasi za maombi mpaka akaingia dukani kwa Mikey, kaka yake Carmy aliyefariki baadaye. Jinsi Liza Colón-Zayas anavyokaa kwenye kiti kile na kulia mbele ya mtu asiyemjua ni fundisho la uigizaji. Na mambo ya jikoni bado ni ya kweli: Carmy anabadilisha menyu kila siku, kwa hiyo manunuzi hayatabiriki, mabaki yanatupwa, wapishi hawapati nafasi ya kuizoea sahani, na siagi ya Vermont peke yake inamtoa jasho mjomba. Anayefahamu biashara ya chakula anajua huo ndio ugonjwa unaoua mikahawa. Tamthilia imeutambua ugonjwa kwa usahihi, ikakataa kuonyesha mgonjwa anapona au anakufa. Ndugu wa ukoo wa Fak, waliokuwa kiungo tu cha kuchekesha, wamemwagwa chungu kizima. Na sehemu ya mwisho inatumia muda mrefu kusikiliza wapishi maarufu wa kweli wakizungumzia kazi yao mezani, wakati hadithi yenyewe inasubiri nje.

Ripley ni kinyume chake kabisa. Netflix, Aprili, sehemu 8, zote zimeandikwa na kuongozwa na mtu mmoja, Steven Zaillian, na zote ni nyeusi na nyeupe. Andrew Scott ni Tom Ripley, tapeli mdogo wa New York anayetumwa Italia kumrudisha mwana wa tajiri, na mwishowe anachukua maisha ya kijana huyo, jina, pete, saini na yote. Swali: atakamatwa? Ndilo hilo tu kwa saa karibu 8, na halipungui nguvu hata mara moja.

Siri yake ni kwamba inahesabu kazi. Filamu nyingi za mauaji hukata mara mtu akianguka. Hapa, katika sehemu ya tatu, kasia likishapiga ndani ya boti, shughuli ndiyo inaanza. Maiti ni nzito. Kamba ya nanga inafungwa, inanasa, inamvuta Tom mwenyewe baharini. Boti isiyo na mtu inazunguka na injini yake ikimrudia. Dakika nyingi zinapita bila neno, na mtazamaji anachoka pamoja naye. Sehemu ya tano inarudia fundisho hilo nchi kavu. Kibao cha majivu cha kioo kinatosha kuua, lakini damu iko sakafuni, ngazi ni ndefu, gari liko chini, na shahidi pekee ni Lucio, paka wa jengo, anayetazama. Katika kila tukio la aina hii unajikuta ukimsaidia muuaji kukumbuka alichosahau, na hapo ndipo hofu ya kweli ilipo.

Mpiga picha ni Robert Elswit, na yeye na Zaillian wote walipata Emmy kwa kazi hii. Vivuli vyake vinafuata njia ya mchoraji Caravaggio, anayetajwa na kuonyeshwa ndani ya hadithi, na ngazi za Atrani zinapigwa picha mpaka zinakuwa adhabu. Kwa sababu hiyohiyo, Ripley haivumilii kutazamwa kwa kiwango cha chini. Rangi za kijivu zikibanwa sana, kuta na anga za usiku hugawanyika miraba miraba na mistari, na nusu ya kazi inapotea. Kwa hesabu ya Netflix wenyewe, saa moja hula hadi GB 0.3 kwa kiwango cha chini, GB 0.7 kwa cha kati, na GB 3 kwa HD. Ripley yote kwa kiwango cha kati ni GB 5 hadi 6, kwa HD inaweza kufika GB 24. Kifurushi cha bei nafuu cha Mobile kinaishia 480p na ni cha simu au tableti tu. Kama bando ni la kuhesabu, pakua kwa Wi-Fi ukiwa umechagua ubora wa juu kwenye mipangilio ya programu kabla ya kuanza kupakua, na utazame gizani. Ukibadilisha mpangilio baadaye, faili lililokwisha kupakuliwa linabaki na ubora wake wa awali.

Baby Reindeer, sehemu 7 za kati ya nusu saa na robo tatu ya saa, ni nyepesi kwa muda na nzito kwa moyo. Richard Gadd ameiandika na kuigiza: Donny, mchekeshaji anayefanya kazi baa, anamkaribisha kikombe cha chai Martha, mwanamke mwenye huzuni, na mwanamke huyo anaanza kumfuata kwa maelfu ya barua pepe zenye maneno yaliyokosewa herufi, zikimalizikia na maneno kwamba zimetumwa kwa iPhone, simu ambayo mwenyewe hana. Jessica Gunning anamfanya Martha achekeshe, atishe na aonewe huruma ndani ya sentensi moja. Sehemu ya nne ina ubakaji unaoonyeshwa kwa kina. Aliyepitia mambo hayo ajue kabla hajabonyeza. Bila sehemu hiyo huwezi kuelewa kwa nini Donny alichelewa kwenda polisi, na hilo ndilo swali la dakika za kwanza kabisa.

Dosari yake ni maandishi ya mwanzo yanayodai kwamba hii ni hadithi ya kweli, bila kupunguza neno. Watazamaji walianza kuwasaka watu halisi mitandaoni, na mwezi Juni Netflix wakafunguliwa kesi ya madai ya dola milioni 170. Septemba jaji akaruhusu sehemu ya madai hayo iendelee. Neno moja la tahadhari mwanzoni lingewaepushia watu wengi madhara, na tamthilia isingepungua thamani.

Squid Game msimu wa pili ulifika Desemba 26. Hesabu inatosha kueleza kasoro yake. Msimu wa kwanza wa 2021 ulikuwa na michezo sita katika sehemu 9. Huu una mitatu katika sehemu 7, na wa kwanza hauanzi mpaka sehemu ya tatu. Nafasi iliyobaki imechukuliwa na kura za kuendelea au kuacha, baada ya kila mchezo, na kila mara unajua matokeo, kwa sababu wakiacha hadithi imekwisha. Msimu wa pili na wa tatu vilibuniwa kama hadithi moja, vikakatwa, na mkato umeangukia katikati ya uasi. Yaliyomo ndani bado yana makali: mchezo wa jukwaa linalozunguka, ambapo muziki ukinyamaza watu wanakimbilia vyumba kwa idadi iliyotajwa, unatisha kuliko chochote cha msimu wa kwanza, maana rafiki wa tano ndiye anayesukumwa nje. Lee Byung-hun akijifanya mchezaji wa kawaida ni raha kumtazama. Weka sauti ya Kikorea ya asili. Kwa manukuu, chagua English ya kawaida na uache English CC. Kwenye msimu wa kwanza ile ya CC ilifuata maneno ya sauti iliyoingizwa kwa Kiingereza, na mengi yalipotea humo.

The Penguin ya HBO, sehemu 8 kuanzia Septemba, ilionekana mwanzoni kama biashara ya kurefusha filamu ya The Batman ya 2022. Ikawa tamthilia bora ya wahalifu ya mwaka. Si lazima kuiona filamu. Inatosha kujua kwamba jiji limefurika maji wiki moja kabla na bosi wa magenge amekufa. Colin Farrell, anayeigiza mhalifu Oz, hatambuliki chini ya sura ya bandia, lakini mwenye tamthilia ni Cristin Milioti, anayeigiza Sofia, binti wa bosi huyo. Sehemu ya nne inasimamisha kila kitu ili ieleze jinsi Sofia alivyofungwa hospitali ya wendawazimu miaka kumi kwa makosa ya baba yake, na ukitoka hapo unajua yeye na Oz hawawezi kubaki hai wote wawili kwa amani. Mwisho wake ni mchungu na umekamilika. Kwa Kenya na Tanzania, mwaka huo kazi za HBO zilipitia Showmax na DStv.

Slow Horses, msimu wa nne, haina cha kulaumiwa: sehemu 6, kitabu kimoja, kama misimu yote tangu 2022. Jonathan Pryce akiwa jasusi mstaafu anayepoteza kumbukumbu, na bunduki iko mkononi, ni kitu cha kutazamwa. Fallout ya Prime Video inawafaa hata wasiowahi kugusa mchezo wa video ulioizaa. Wahusika watatu wanakimbizana kwa sababu ya kichwa cha mwanasayansi mmoja, na sehemu ya nane inajibu ni nani aliyekuwa na faida dunia ikiungua.

3 Body Problem iko katikati. Mwanzo wake, Beijing ya 1966 na binti anayemwona baba yake akipigwa hadi kufa jukwaani, una uzito. Sehemu ya tano, meli ikikatwa vipande kwa nyuzi zisizoonekana katika mfereji wa Panama, haisahauliki. Baada ya hapo tunabaki na marafiki watano wa Oxford ambao maumivu yao ni madogo kuliko tishio lililo mbele yao, na sehemu tatu za mwisho zinashuka.

Miaka Mia Moja ya Upweke (One Hundred Years of Solitude) ya Netflix ilitupa mwaka huo sehemu 8 za kwanza kati ya 16, na hilo ni haki, kwa sababu ilitangazwa wazi kwamba ni fungu la kwanza. Familia ya mwandishi wa riwaya, Gabriel García Márquez, ilitaka iwe kwa Kihispania na ipigwe picha Kolombia, na mji wa Macondo ukajengwa mzima huko Tolima. Watayarishaji wetu waitazame kwa hilo. Country Queen, tamthilia ya Kenya iliyotoka Netflix mwaka 2022, ilionyesha kwamba Kiswahili kinapita huko bila kuombewa radhi, na baada ya Shōgun hakuna tena anayeweza kudai kwamba watu hawasomi manukuu.

Ukiwa na mwezi mmoja tu wa kulipia Netflix, anza na Ripley, sehemu moja kwa usiku, kisha Baby Reindeer kwa siku mbili, kisha Miaka Mia Moja ya Upweke ukiwa umeangalia kwamba sauti imewekwa Español ya asili, maana wasifu uliowekwa Kiingereza unaweza kukufungulia sauti iliyoingizwa. Squid Game iache ya mwisho. Msimu wa tatu ulitoka Juni 2025. Utazame msimu wa pili na wa tatu mfululizo kama hadithi moja.